Shule Tunazozijua kwa Mageti

Ijumaa asubuhi benchi letu nje ya bohari la matairi, Al-Sulay, hapa Riyadh, lina wenyewe. Naftali, dereva wa familia ya Kisaudia, tunamwita Gia. Lewis, mpakiaji, ni Dishi, maana hunasa habari ambazo hazijarushwa. Safari hii kahawa ilizunguka kwa ajili ya Vuai, Mzanzibari mzaliwa wa Jedda aliyehamishiwa kazi Riyadh. Shule zinafunguliwa Jumapili, maana wiki ya huku huanza siku hiyo, na hajaamua: binti yake Ibtisam aanze darasa la kwanza katika shule za serikali za kitongoji chao kipya, au arudishwe Balad, kule Jedda, kwa bibi yake.

— Mwandikishe hapa, nikamwambia. Mimi sizunguki. Shule zile zimepangwa na mtu mwenye akili. Chekechea, msingi, ya kati, sekondari, zote mtaa mmoja. Mtoto anakua bila kuvuka barabara kubwa.

— Na utaratibu wa getini! Gia akadakia. Mlinzi akiona gari anataja ukoo kwenye spika, mtoto huyo! Hata sijazima injini.

— Na ndani je? Vuai akauliza.

— Ndani ni baridi, buda, Dishi akasema. Wakifungua mlango, hata muuza shawarma ng'ambo anavaa sweta.

— Acha uongo wako!

— Haki tena! Na walimu hawapandishi sauti. Wanasomea kunong'ona, miaka. Mtoto akikosea hesabu, taa inawaka ofisini.

Nikalipiga benchi kofi, kahawa ikamwagika.

— Taa hakuna, Dishi! Kuna mwalimu anayeijua kazi yake, halas! Watoto wa bosi wa Gia wako pale, na wanasoma kila kibao cha barabarani. Hiyo ndiyo shule.

— Hapo umesema, Gia akakubali. Yule mdogo ananifundisha Kiarabu tukikwama kwenye foleni. Ananipa na mtihani.

— Ukapita?

— Mafi. Kasema nirudie darasa.

Vuai akacheka, mara ya kwanza tangu akae.

— Basi atasoma hapa hapa.

Mkewe, Samia, alikuwa akimsubiri garini, kioo kimeshushwa. Akateremka.

— Asalaam aleikum. Nimekusikieni. Mwanangu hajapata kuachwa na mtu asiyemjua. Siku ya kwanza akilia, nani atambembeleza?

Shule ya wasichana ile, mwanamume haingii. Mimi ninayejisifu kusema wazi, nikasema wazi.

— Hatujui, shemeji.

— Basi Jumapili nitaingia naye mwenyewe, akamwambia mumewe. Nimwone mwalimu kwa macho yangu. Nisiporidhika, tunakata tiketi ya Jedda.

— Na mimi, Samia?

— Wewe utangoja nje, na hawa mabingwa wako wa elimu.