Majina ya Kijiji cha Mwalimu Anatole

Jebet alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Kakuma, kwa hiyo alishindwa kunyamaza alipomwona mzee aliyeketi kando yake kwenye basi la Lodwar amepakata kompyuta iliyofungwa kwa shuka. "Inasumbua nini, mzee?"

"Inawaka, inaandika jina la kampuni, kisha inajizima," akajibu yule mzee, Anatole, mwalimu Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. "Fundi wa Lodwar anasema atafuta yote, aweke Windows mpya."

Jebet aliwajua mafundi hao. Hiyo ndiyo dawa yao ya kila ugonjwa. "Asifute! Atoe diski kwanza, anakili vilivyomo. Umeweka nini humo?"

"Majina ya watu wa kijiji chetu waliouawa vitani. Miaka minne nimeuliza kambi nzima. Ni mia mbili na kumi na wanne."

"Na hukuandika kwa karatasi?"

"Karatasi za kwanza ziliungua na nyumba. Nikaamini mashine." Akamtazama. "Mama, na kama diski yenyewe imekufa?"

Jebet alikuwa akiogopa hilo hilo, wala hakumdanganya. Akatoa daftari. "Unakumbuka wangapi, mwalimu?"

Mzee akafumba macho. "Wabiwa, mfinyanzi. Bitondo mwanawe, alikuwa na kigugumizi..."

Jebet aliandika huku basi likimrusha mkono. Walipofika Lodwar walikuwa kwenye jina la sitini na tatu. Abiria wakashuka, utingo akagonga bati akiwahimiza, lakini mzee hakufumbua macho. Jebet akafungua ukurasa mwingine.