Wasifu wa Marehemu Matone, Adui wa Kutu

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alikuwa na jina lake la kwenye vyeti, lakini wauguzi walipomwita kwa jina hilo aligeuka kutazama mgonjwa wa kitanda cha pili. Jina aliloliitikia utu uzima wake wote ni Matone. Basi na hapa ataitwa Matone, ajue kwamba ni yeye anayesemwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama muuza mboga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli. Mvua ilinyesha siku hiyo hata mkunga akachelewa. Kitu cha kwanza mtoto alichokiona, kama alivyopenda kusimulia mama yao, hakikuwa uso wa mtu bali kopo la misumari iliyolowekwa mafuta, ambalo baba alilivuta ndani lisinyeshewe. Watoto wengine huzaliwa wakilia njaa. Huyu, mama alisema, alizaliwa akitazama kopo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 akamaliza mwaka 1967. Hesabu aliziweza. Kuimba hakukuweza kabisa, na mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akapata cheti cha mitambo mwaka 1970.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa fundi wa mashine katika dobi ya hoteli kubwa, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo jua halikufika na mvuke haukuisha. Alikaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2012. Anayejua dobi anajua kwamba maji ni rafiki wa shuka na adui wa chuma. Wenzake walipomaliza zamu walikimbilia mlangoni. Yeye alibaki na kikopo chake, tone hapa, tone pale, kwenye kila beringi. Walimcheka, "Wewe Matone, mashine zitanenepa hizo!" Naye akajibu, "Zinenepe zisizeeke." Jina likaganda hapo hapo.

Ndani ya mvuke huo huo alimpata mkewe, mpiga pasi wa mashati. Matone aliitengeneza pasi yake mara nyingi mno, hata ikiwa haijaharibika, mpaka siku moja binti akaiweka mezani akamwambia, "Fundi, hii pasi nzima. Kama una shida nyingine, sema." Akasema. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 15 Desemba 1979, na mwaka 1983 wakajaliwa binti yao mmoja.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa moshi wake. Mwaka 1988 jirani yao kinyozi alimwita Jumapili kwenye kituo cha mabasi kilichoachwa, pale penye sakafu ya zege, watu wazima wanakoshindanisha vigari vya kuchezea vinavyoongozwa kwa rimoti, vyenye injini za kweli. Injini yenyewe unaifumbata kiganjani, inakunywa mafuta ya naitro, na inapiga kelele kama nyigu elfu. Matone alikwenda kutazama, akarudi amepotea. Mwezi haukuisha naye akawa na kigari chake.

Siku aliyoshinda mara ya kwanza alibebwa juu juu. Walikula, wakacheka, na kigari kikawekwa kabatini kama kilivyo. Alipokitoa baadaye injini haikuzunguka. Mafuta ya naitro yana spiriti ndani yake, na spiriti huvuta unyevu wa hewani. Yakibaki tumboni mwa injini huiletea kutu kimya kimya mpaka kwenye beringi. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye aliyezilinda mashine kubwa kwa miaka yote ile alikuwa ameiua ndogo kwa furaha. Alikaa wiki kadhaa akiinua kijiko na kukirudisha sahanini bila kula.

Mkewe hakupenda vigari. Lakini mume asiyekula naye hakumpenda. Mwaka 1991 alikuja na boksi dogo, akaliweka mezani, akasema, "Haya, nimekuletea mke mwenza. Nimekuolea mwenyewe, usije ukasema nilikukataza." Ilikuwa injini mpya. Matone aliishika, akaigeuza, akamwambia, "Hii haitaliwa na kutu mimi nikiwa hai." Mkewe akadhani ni maneno ya mtu aliyefurahi, akaenda zake jikoni.

Toka siku hiyo kila Jumapili ilifungwa namna moja. Wenzake wakiwa wanabishana nani kamziba nani kwenye kona, yeye aliiacha injini inywe mafuta yake mpaka tone la mwisho, izime yenyewe. Akafungua plagi, akadondosha mafuta ya kulinda ndani ya silinda na mengine kwenye kabureta. Akaizungusha kwa dole gumba taratibu ili mafuta yatembee kote. Mwisho akaiacha pistoni chini, kwenye nafasi, kwani ikiachwa juu pale panapobana, injini ikipoa hung'ang'ania. Ukimsalimia kabla hajamaliza, hakujibu. Mkewe alisimama mlangoni akiuliza, "Mke mwenza keshakula? Basi na sisi tule."

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2023. Miguu ilivimba, ngazi zikawa mlima. Jumapili ya tarehe 2 Juni 2024 alianguka pale kituoni, kigari kikiwa bado kinazunguka. Kinyozi alimkimbiza hospitali, kisha akakirudisha kigari nyumbani, akamwaga mafuta ya kwenye tangi, akakiacha barazani. Yaliyokuwamo ndani ya injini hakuna aliyeyakumbuka.

Jambo la kwanza Matone alilouliza alipopata pumzi ni hilo. "Mama, injini umeitia mafuta?"

Mkewe, ambaye hakuwahi kuishika, aliona mgonjwa asisumbuliwe. "Nimeitia, baba. Lala."

"Pistoni umeiacha wapi?"

"Nimeiacha hapo hapo, itaenda wapi?"

Matone alicheka mpaka akakohoa. "Basi hujaitia."

Alipotulia akageuza uso ukutani. Mkewe akamwambia, "Baba wewe, hali yako hii, na bado unaililia injini?" Ndipo akajibu, kwa sauti ndogo, "Siililii injini. Ulinipa wewe, nikakuahidi. Miaka yote hii sijakuangusha Jumapili hata moja."

Mama huyu alisogeza kiti karibu na kitanda. Alidhani kila Jumapili mumewe alikuwa akimbembeleza mwingine. Kumbe ni yeye aliyekuwa akibembelezwa, mbele ya macho yake, naye akiwa mlangoni anahesabu chakula kinavyopoa.

Kesho yake aliingia wodini na kapu la sokoni. Muuguzi alifunua kitambaa, akarudi nyuma. "Mama, hiki kinanuka kama rangi ya kucha! Mgonjwa wa moyo huyu!"

"Tangi kavu, mwanangu. Na dawa yake ya moyo ndiyo hiyo."

Mikono ya Matone ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo yeye alitoa maneno na mkewe akatoa vidole. Akafungua plagi. Akadondosha mafuta. Akasukuma kwa dole gumba, injini ikagoma. Ilikuwa imepoa pistoni ikiwa juu. "Usiilazimishe," Matone alisema. "Ukiilazimisha unavunja." Akatoa miguuni mwake mfuko wa maji ya moto aliopewa kwa ajili ya baridi, akamwambia, "Ifunike na huu. Ikipata joto itafunguka."

"Na miguu yako?"

"Miguu ina soksi."

Wakangoja. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakangoja nao, hata yule muuguzi akasahau sindano yake mkononi. Mkewe alipojaribu tena, injini ilitoa mlio mdogo kama mtu anayemeza, ikazunguka. Wodi nzima ikapiga makofi. "Polepole," alisema Matone, "iache itembee. Sasa ishushe. Chini kabisa. Hapo." Akamshika mkewe kidole chenye mafuta, hakukiachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Madaktari walifanya yao yote, nasi tunawashukuru, pamoja na muuguzi wa kapu. Matone alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, mkewe akiwa kando yake.

Jana wenzake wa Jumapili walikuja nyumbani kumuaga kwa njia yao. Waliiwasha injini uani, kigari kikazunguka mpaka mafuta yakaisha, kikasimama chenyewe. Kinyozi akaanza kulia, na wengine wakamfuata. Mkewe alifuta macho yake kwa mgongo wa mkono, akasema, "Shemeji, machozi yasubiri kidogo. Chuma bado cha moto. Nipeni chupa ya mafuta." Wakaikimbilia. Akachutama, akafungua plagi, akaanza kudondosha. Kaka yake marehemu alimsalimia wakati huo kwa kusahau. Hakujibiwa.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo, mkwe mmoja, wajukuu wawili, kaka yake mkubwa, na rafiki yake kinyozi ambaye mpaka leo anadai alizibwa kwenye kona.

Mkewe ameomba usomaji huu umalizike kwa kumpa marehemu taarifa, asiondoke na wasiwasi: mafuta yametiwa, na pistoni iko chini.

Apumzike kwa amani.