Mzee Mbarak na Mguu Mmoja wa Suruali

Baada ya miaka ishirini na minne katika Shirika la Ustawi la Ziwani, Mzee Mbarak Saleh anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 30 Agosti 1996. Mimi Nelima, mpiga chapa wake, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu huu, na sina furaha nao.

Aliingia kama karani, akapanda hadi afisa wa vijana. Chai yake ya tangawizi iliwasha koo, na mgeni aliyeikataa alipewa pole kama mgonjwa.

Neno lake kubwa lilikuwa utamaduni mdogo. Alitufundisha kwamba ni kundi ndani ya jamii kubwa lenye mavazi, maneno na desturi zake, na kwamba kuwa tofauti si kuwa mhalifu. Akatutania kuwa hata ofisi hii inao: faili likipotea, sisi husema liko njiani.

Mwaka 1989 aliandika ripoti kuhusu vijana wa mtaa wa Kondele waliokutana katika ukumbi wetu. Walikunja mguu wa kulia wa suruali. Mwenzao akihama, hawakumhutubia, waliinama wakamkunjulia mguu huo, ndiyo kwaheri yao. Mzee aliuita huo utamaduni mdogo, akaeleza maana yake. Lakini wakurugenzi wetu husoma ukurasa mmoja tu, nami, kwa mazoea yetu, nikayakata maelezo ili ripoti itoshe. Neno likabaki peke yake. Wakadhani ni genge, wakafunga ukumbi.

Oketch, kiongozi wa vijana, alikuja akasimama mlangoni. "Mzee, kwani sisi ni ugonjwa? Si ulisema hii ni style yetu tu?"

Mzee alimjibu kwamba kosa lilikuwa lake yeye mwenyewe, Mzee. Alijua ni langu. Aliwaandikia wakurugenzi barua saba ukumbi ufunguliwe, nikazipiga chapa zote, na hakuna iliyojibiwa. Vijana walitawanyika. Kufuli la ukumbi limeshika kutu, nami hulipita kila asubuhi nikiona haya.

Jumatatu alikuja kazini amekunja mguu wa kulia wa suruali yake ya kaki. Tulicheka, kisha tukarudi kwenye meza zetu. Wiki nzima hajaukunjua.

Ahsante, Mzee, kwa kunifichia aibu miaka saba. Mungu akupe afya na usingizi mtulivu. Hotuba zikiisha, usiondoke haraka. Subiri hapo mlangoni, niiname nikukunjulie.