Hamna ya Alfons

Asubuhi ile, baada ya misa, nilipita kwenye kibanda cha kahawa cha Zeynep hapa mjini Oberhausen nikiwa nimebeba koti la kazi la marehemu mume wangu, Alfons. Parokia ilikuwa inakusanya nguo za wahitaji, nami nilikuwa nimeahidi kulitoa. Kwenye benchi walikaa wale wale ambao Alfons alifanya nao kazi kwenye kiwanda cha zinki: Jupp, anayeitwa Mfuko kwa sababu alisimamia mifuko ya kuchujia moshi, na Heiner, anayeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake tu. Zeynep alinipa kahawa. Nikalikunja koti mapajani. Mishono yake bado ilikuwa myeupe kwa unga wa kiwandani.

— Shemeji, hujalifua? — Mfuko aliuliza.

— Nashindwa.

— Usilifue! Hiyo ndiyo Hamna yetu.

Ndivyo wafanyakazi walivyouita unga ule, kwa kuwa ulikuwa mwepesi kuliko pumzi. Walichemsha zinki mpaka ikawa mvuke, hewa ikausukuma mvuke kwenye bomba la moto, ukawaka, ukatoka unga mweupe. Kila jioni nilimwuliza Alfons ametengeneza nini leo. Alinijibu, "Hamna," tukacheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

— Ile haitui chini kamwe, — alisema Profesa. — Ikishatoroka kwenye mifuko inazunguka dunia nzima.

— Mifuko yangu haikuvujisha hata siku moja!

— Acha wewe! Shuka za mtaa mzima zilikuwa nyeupe bila sabuni. Nani alikuwa anazifua?

— Wivu tu huo.

— Nakwambia imefika mwezini. Unadhani kwa nini mwezi mweupe vile?

— Basi Alfons ndiye aliyeupaka rangi, — alisema Mfuko.

Nilicheka, kisha nikamgeukia Profesa.

— Heiner, niambie kweli. Chembe mbili zikikutana humo bombani, zinaachana tena?

Profesa aliweka kikombe chini.

— Zikipita haraka zikapoa, kila moja inabaki peke yake. Zikichelewa kwenye joto, zinaungana, shemeji. Ndiyo maana Alfons alikuwa anatupigia kelele: ongezeni hewa, zisinenepe!

— Sisi wawili tulichelewa sana kwenye joto, — nilisema.

Zeynep akaniongezea kahawa bila kuombwa.

Hapo gari la parokia likasimama. Akashuka binti mmoja, mgeni hapa mtaani, akatusalimia vizuri. Nilimpa koti. Mungu ananijua, nilimpa kwa mikono miwili. Akaona ule weupe.

— Hii ni nini kwenye mishono?

— Hamna, — Mfuko alijibu kwa mazoea.

— Haya, asanteni.

Akalikung'uta kwa nguvu, mara moja. Weupe ukapanda juani, ukaelea mbele ya nyuso zetu. Mfuko alinyoosha mikono kama anayetaka kuudaka. Profesa alivua miwani, akajifuta macho. Mimi nilimwomba Mungu azuie upepo, kidogo tu.

Binti akatutazama mmoja mmoja.

— Jamani, si mmesema hamna? Sasa mnalia nini?

Nilisimama, nikalichukua koti mikononi mwake, nikalivaa. Mikono ya koti ilinipita vidole.

— Mwambie padri nitaleta blanketi langu, mwanangu, — nilisema.