Jina Ambalo Mkwe Halitamki

Usiku wa jana nilisikia sauti moja tu, kilio cha mtoto, kisha kikakatika. Mvua ilikuwa imetulia, migomba imenyamaza, na mimi niliyelala hapa miezi mitatu nikihesabu kenchi za paa nikajua kwamba nimepata mjukuu wa pili. Na kwa jinsi Esnath, binti yangu, alivyoniletea uji asubuhi bila kunitazama, nikajua kwamba ni wa kiume, na kwamba ugomvi wetu umezaliwa pamoja naye.

Basi sogeeni, wanangu, kwa kuwa sina pumzi ya kusema mara mbili. Ackson, wewe mkubwa, keti kwenye kigoda. Meshaki, simama mlangoni, na usicheke. Na mkeo, Ackson, Tupokigwe wako, akae palepale alipo na mtoto wake, nyuma ya ukuta wa mianzi, asikilize. Simtaki aingie. Miaka sita tangu aolewe hajanitazama usoni, hajapita mbele yangu, hajalitamka jina langu, maana ndivyo mila yetu inavyomtaka mke wa mwana. Na katika hilo, niseme kweli, hajanikosea hata siku moja. Amenikosea katika mengine yote.

Ni yeye aliyekushauri ung'oe kahawa yangu. Usinikatize. Ushirika ulipokufa, na wanunuzi wa soko huria walipoanza kuja na mizani zao na bei ya leo isiyofika kesho, mimi nilisema tusubiri, yeye akasema mbuni hauliwi. Nikaenda Tukuyu kung'oa jino, nikarudi nikakuta mibuni mia mbili imelala mizizi juu, kama kuku waliochinjwa. Mkapanda ndizi. Ndizi zikaenda Mbeya, zikarudi mabati haya ninayoyatazama. Sikushukuru siku ile na leo sishukuru. Bati lina kelele.

Kisha likaja suala la jina. Wa kwanza mlimwita Hezron, nami nikanyamaza, maana jina la Kitabu ni jina. Lakini mimba hii ilipofika miezi sita nikasikia kwamba akiwa wa kiume ataitwa Ezron. Nikauliza, Ezron ni nani katika ukoo wetu? Nani alimzika? Esnath akaniambia kwamba mama wa watoto anataka majina yanayokwenda pamoja, ili jioni akisimama mlangoni awaite kwa pumzi moja, Hezron, Ezron, yatoke kama miguu miwili ya mtu mmoja. Haya ndiyo mambo ya enzi za ruksa. Mnachagua watoto kama sahani dukani, hii inafanana na ile, na wafu wetu mnawaacha nje kwa sababu majina yao hayana vina.

Ndipo nikatoa amri: akiwa wa kiume, ataitwa jina langu. Na kwa kuwa anayeaga hana faida na uongo, nawaambieni sababu. Sikutaka heshima. Nilitaka kumkomoa. Nilijua kwamba asiyeweza kutamka jina la baba mkwe hawezi kulitamka hata likiwa la mwanawe. Nikasema moyoni, na apate mtoto asiyeweza kumwita, vina vyake vimkaukie mdomoni.

Akanijibu kupitia kwa Esnath: "Mwambie baba, mwanangu si mbuzi nimwite kwa mluzi." Wewe Meshaki ukacheka, nikakutupia fimbo. Mlidhani nimekasirishwa na utovu wa adabu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu, na kilichonila mimi sikuwahi kumwonyesha mtu, hata marehemu mama yenu.

Mimi nilipewa jina la babu, baba wa baba yangu. Kwa hiyo mama aliyenizaa alikuwa mkwe wa jina langu. Ndugu yangu aliitwa Hosea. Jioni mama alisimama nje ya jiko akaita, "Hosea!" kisha akapiga makofi mawili. Makofi yale ndiyo mimi. Nilikua nikijua hivyo, kama mbwa anavyojua. Nilipokuwa na miaka saba maji ya mto yalinichukua, naye akakimbia ukingoni akipiga makofi, akipiga makofi, na wanawake waliokuwa ng'ambo wakifua wakadhani anacheza. Hosea ndiye aliyeniita. Kwa sauti yake watu wakageuka, nikatolewa. Na babu, ambaye angeweza kumfungulia mama mwiko kwa neno moja, alikufa amelikalia neno lake kama kuku aliyekalia mayai viza. Mama naye alipokuwa anakufa nilikaa kando ya kitanda chake. Viganja vyake vilitafutana juu ya blanketi, vikagusana mara mbili. Havikutoa sauti.

Hicho ndicho nilichotaka kumpa mtoto aliyezaliwa jana. Kwa ajili ya kahawa.

Esnath, nipe maji. Kidogo. Basi.

Mali yangu ni chache, sikilizeni. Migomba ni ya Ackson. Ulishaichukua, sina cha kukupa ila kukuachia. Meshaki, ng'ombe wawili ni wako, na nyumba hii pia, lakini chumba cha dada yako Esnath hakiguswi mpaka atakapoondoka mwenyewe kwa miguu yake. Jirani yetu Lazaro, aliyesogeza mpaka wetu hatua tatu, asishike koleo kaburini kwangu. Alie akitaka, ila asishike koleo. Na shamba la chai la bondeni, upande wa Mpuguso, ni la Hezron na mdogo wake, nusu kwa nusu, huyo mdogo awe ameitwa jina lolote. Sinunui jina kwa ardhi.

Tupokigwe. Najua unanisikia, maana mtoto umemnyamazisha. Sikupendi. Nawe hunipendi, na ungekuwa na sababu chache ningezihesabu. Lakini mbele ya wanangu hawa watatu naufungua mwiko. Tangu saa hii jina langu si moto mdomoni mwako. Ukimwita Ezron, mwite, sitamlaani, wala marehemu wetu hawatamwuliza njiani. Ila ukimpa la kwangu, basi mwite. Mwite ukiwa umekasirika. Mwite shambani, mwite mtoni. Usimpigie makofi.

Haliendi na Hezron, najua. Moja linatoka kwenye Kitabu, jingine kwa wazee wetu. Nawe huna sababu ya kuniridhisha. Lakini yaweke pamoja mdomoni, mara moja tu, uone kama yatakataa.

Mungu awape, wanangu... awape mvua isiyochukua mtu. Mkae. Mgombane, lakini mkae. Meshaki, usifunge mlango. Mkono wangu mmoja siuoni... uko wapi. Haya. Mimi nimemaliza. Nyamazeni wote, nyamazeni. Nasikiliza ukuta wa mianzi.

— Hezron. Gwakisa.