Jean-Claude Mukuka, Aliyeshuka Kuwatafuta Waliofukiwa

Ndugu, jamaa na marafiki mliopanda nasi kilima hiki: marehemu Ngosa Mukuka Jean-Claude alizaliwa Mokambo tarehe 14 Machi 1979. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Ngosa, aliyeuza chumvi na sabuni mpakani, na mama Chanda, ambaye ameketi hapa mbele yetu.

Shule ya msingi aliisoma Mokambo. Mwaka 1993 alikuja Lubumbashi kwa mjomba wake kuanza sekondari, lakini baba alipofariki aliacha masomo katika mwaka wa tatu akajifunza kuchimba visima. Robineti za maji za mtaa wa Bel-Air zilipokauka, yeye ndiye aliyeitwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akiwa chini aliimba, na waliokuwa juu walijua kwa wimbo huo kwamba yu mzima.

Kisima kimoja kilimchukua muda mrefu kuliko vyote. Kilikuwa uwanjani kwa mama mzazi wa Hortense Mapalo, msichana aliyekuja kuwa mke wake. Mama huyo alipoona siku zinapita na ndoo zinatoka nusu nusu, aliinama juu ya shimo akauliza, "We kijana, maji iko mbali hivi, ao kuko kintu ingine unatafuta?"

Sauti ikatoka chini: "Mama, byote biwili."

Yeye na Hortense walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 2003, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2012 shimo la wachimbaji wa shaba lilianguka nje ya mji, na mtu akaja mbio kuazima kamba yake. Mukuka aliipeleka kamba mwenyewe, akashuka nayo. Tangu siku ile wakakusanyika wenzake, akiwemo Rachid, mwashi, na Guelor, seremala. Hawakulipwa na mtu. Simu ikilia, kila mmoja aliacha kazi yake wakaenda. Waliwatoa wengi wazima, na wengi zaidi hawakuwa wazima. Hao, Mukuka aliwafunika uso kwa shati lake kabla ya kuwapandisha, ili mama zao wapate kwanza kujiandaa.

Hortense hakuipenda kazi ile, na hakuficha. "Bale bantu beko na bandugu yabo," alimwambia. "Batoto yako beko na baba mumoja tu."

"Bandugu yabo njo beko bananiita," akajibu.

Tarehe 22 Januari 2019 Guelor alishuka shimoni kwa agizo la Mukuka, na hakupanda tena. Mukuka alimtoa mwenyewe, akampeleka kwa mama wa Guelor. Kila Januari iliyofuata alikwenda kubisha hodi kwa mama huyo, na mlango haukufunguliwa. Hatusemi kwamba ulipaswa kufunguliwa. Lakini tangu hapo marehemu alilala taa ikiwaka, akakonda, na dawa alizopewa hazikumrudishia usingizi. Visimani hakuimba tena. Waliokuwa juu ilibidi wamwite kila mara kujua kama yu mzima.

Tarehe 18 Februari mwaka huu wa 2025, baada ya mvua ya siku nyingi, shimo la hapa kilimani liliwafukia watu watatu. Mukuka aliwafunga kamba wawili, wakavutwa juu wazima. Wa tatu, kijana Katongo, alisikika ndani zaidi akigonga jiwe.

"Yaya," Rachid alimwambia, kama anavyoitwa kaka mkubwa, "ngoja tushikize kuta kwa mbao kwanza."

"Eko anagonga bado. Akinyamaza, mbao itatusaidia nini?"

Akashuka, na udongo ukaanguka juu yake.

Wenzake walichimba hadi kesho yake mchana. Hortense alikuwa ukingoni muda wote. Rachid alikuwa chini, na ukuta juu ya kichwa chake ulikuwa umeanza kumwaga changarawe.

"Rachid, panda," Hortense akasema.

"Mama Hortense, tuko karibu. Niache kidogo."

"Unamusikia?"

Rachid alizidi kuchimba.

"Rachid, nakuuliza. Unamusikia?"

"Hapana, mama."

"Basi panda. Bibi yako naye eko anangojea bwana yake."

Akaishika kamba kwa mikono yake, akavuta pamoja na wengine, na kuchimba kukaishia hapo.

Ukuta ule haukuanguka siku ile, wala haujaanguka hadi leo. Mnauona. Hortense ameomba jambo hili lisomwe wazi, kwa sababu anajiuliza kila siku kama mume wake alikuwa bado anapumua. Rachid amemwambia kwamba hakuwa anapumua tena. Hortense hajamwuliza amejuaje.

Ndiyo maana leo hatuna jeneza. Mukuka na Katongo wako chini yetu, na familia zote mbili zimekubaliana mahali hapa pabarikiwe pawe kaburi lao.

Marehemu amemwacha mama yake. Mjane wake, Hortense. Watoto wao Ngosa, Mapalo, Chanda na Jean-Claude mdogo. Na dada yake Daniella, anayesoma maneno haya. Amewaacha Rachid na wenzao wote wa kamba. Amewaacha pia wawili aliowatoa siku ile. Wamesimama nyuma kabisa, karibu na njia, tangu tulipofika. Hortense anasema msogee mbele. Sogeeni. Hapa ni penu pia.

Mukuka, pumzika hapo ulipo, na Katongo apumzike pamoja nawe.