Mama Miiba na Mifupa Iliyokawia

Ndugu, majirani na wanafunzi mliokuja kumsindikiza, huu ndio mwendo wa dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Miiba.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, katika vyumba viwili nyuma ya duka la saa. Hadi miezi ishirini alikuwa hajatembea. Majirani waliponong'ona, Mama aliwajibu, "Kawia ufike. Miguu si anayo?"

Alimaliza sekondari mwaka 1977 na kupata shahada ya biolojia mwaka 1983. Baba alitamani awe daktari. Siku alipoleta nyumbani mnyama wa baharini, wa duara, aliyejaa miiba, Baba aliuliza, "Sasa mgonjwa wako huyu anaumwa nini?"

"Haumwi, Baba. Nataka kujua nani huliambia yai lake liwe nini."

Baba aliinamia saa zake, kisha akasema taratibu, "Hata mimi ningependa kujua."

Tangu mwaka 1986 alilifanyia kazi swali hilo katika chumba cha chini cha chuo, chenye matangi manne ya maji ya chumvi na hadubini iliyofungwa plasta. Alitusimulia mezani mpaka chakula kikapoa: yai hugawanyika kuwa chembe hai mbili, nne, nane, kumi na sita, na hapo chembe nne ndogo kuliko zote huteuliwa kujenga mifupa. Kila chembe imepewa maagizo ya mifupa, ila ipo jeni inayoyanyamazisha. Katika zile nne tu, jeni nyingine humnyamazisha mnyamazishaji. "Mnaona?" alisema, machozi yakimlenga. "Bwana Kimya akinyamazishwa, mifupa husimama."

Mwaka 1996 aliandika kwamba aina moja ya ukoo wa kale wa wanyama hao, yenye miiba minene kama penseli, watoto wake hawajengi mifupa. Aliwaangalia saa ileile ambayo binamu zao wa ukoo mpya, wale aliowazoea, huwa wameshaanza kujenga, akaona hakuna kitu, akamwaga bakuli. Alifanya hivyo mara nyingi, na andiko lake likasifiwa. Mwaka 1998 mfagizi wa maabara, aliyeambiwa amwage bakuli jingine, alikataa. "Mwalimu, hawa bado wanaogelea. Mimi simwagi kitu kizima." Siku mbili baadaye dada yetu aliinama kwenye hadubini akaona vijiti viwili vinang'aa, kila kimoja na ncha tatu. Alikaa sakafuni. Kisha alisimama mbele ya wataalamu wenzake akasema: "Nilikosea. Niliwapimia kwa saa isiyo yao." Baada ya hapo alibaki na swali moja, nalo halikumwacha: wale wa kale hupitia njia gani?

Aliolewa tarehe 17 Novemba 2001, akiwa na miaka arobaini na mitatu, na fundi bomba aliyekuja kuziba tangi la tatu. Fundi alirudi kukagua, akarudi tena, mpaka shangazi akauliza, "Tangi gani hilo linalovuja kila Ijumaa?" Binti yao alizaliwa mwaka 2003.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Septemba 2021. Hakuomba miaka, aliomba jibu. Wanafunzi wake walikuwa wameanza jaribio la mwisho: kuizima ile jeni ya kunyamazisha katika mayai ya ukoo wa kale. Kwa binamu zao wapya, ukiizima, chembe kila upande hukimbilia kuwa mifupa.

Jumatatu, tarehe 13 Juni 2022, saa kumi alasiri, mfagizi yule aliingia wodini akihema. "Mwalimu, wamejenga."

"Vijiti vingapi?"

"Viwili. Palepale pa siku zote."

Dada yetu alifumba macho, akacheka kwa sauti ndogo. "Kumbe hawamhitaji Bwana Kimya. Mamilioni ya miaka, njia mbili, na mfupa uleule." Akamshika mkono. "Wewe usingekataa, ningekufa mjinga."

Alifariki kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne.

Ameacha mume, binti mmoja, ndugu wanne, wanafunzi thelathini na mmoja, na bakuli moja dirishani mwa maabara, ambalo mfagizi hajalimwaga.

Kukawia ulikawia, dada, na umefika. Pumzika kwa amani.